Rangi Iliyong'oka Kabla ya Posa

Kwetu Kilwa Kivinje kila Idi ukuta hupakwa chokaa juu ya chokaa ya mwaka uliopita. Hakuna anayekwangua. Basi wajomba wa kijana mmoja wa kijiji cha Sudi walipotuma salamu kwamba watakuja Ijumaa kumposa binti yetu, mke wangu alitaka ukumbi ung'ae. Nikapaka rangi ya mafuta juu ya chokaa hizo zote, mikono mitatu mizito, mmoja juu ya mwingine.

Jumatano asubuhi rangi ilikuwa imepasuka na kujikunja.

"Baba watoto, njoo! Ukuta wako unavua nguo, na wageni bado hawajafika."

Nilichukua miwani, kisha wembe.

"Unaunyoa?"

"Naupima."

"Upime haraka. Zimebaki siku mbili."

Nilipochanja, kingo zilinyanyuka kunielekea. Nyuma ya kila ganda palikuwa na chokaa. Kumbe rangi ilishika vizuri. Chokaa za zamani ndizo zilizoachia ukuta.

Nikamweleza mke wangu. Rangi ikikauka hutaka kunywea, lakini kilicho chini yake hakiiruhusu, hivyo hubaki imevutika kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Kila mkono unaoongezwa huongeza mvuto huo, ila mshiko wa chini hauongezeki. Utando mwembamba huvumilia. Mnene hutafuta mahali dhaifu, ukang'oka.

"Hayo umeyajua leo?"

"Niliyasoma mwaka juzi."

"Ukayasoma, halafu ukapaka mikono mitatu?"

"Ndiyo."

"Basi elimu yako nayo imeshika kama chokaa ile."

Tulikwangua mpaka plasta. Alhamisi nikalowesha ukuta, nikapaka chokaa nyepesi kama maziwa, mkono mmoja tu.

Ijumaa baada ya swala wageni walikaa mkekani. Mjomba mkubwa, aliyevaa koti jeusi juu ya kanzu, aliegemea ukuta muda wote wa mazungumzo. Aliposogea mbele kuomba jibu letu, mgongo wake wote ulikuwa mweupe. Mpwa wake mwingine aliyefuatana naye akaanza kumpangusa.

"Mwache," mzee akasema, akijitazama bega. "Nyumba hii imeshanipaka. Sasa nitarudije Sudi hivi, halafu niseme tumenyimwa?"

Watu walicheka. Mimi nilitaka kumfafanulia kwamba chokaa ya siku moja huwa haijakomaa, na kwamba ingehitaji wiki kadhaa. Mke wangu akakohoa nyuma ya pazia.

Nikasema tumekubali.