Jedwali la Bi Rula

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Rula, na mwenyewe alilijua. Kila insha aliichorea jedwali la alama kwa rula na kalamu nyekundu: mpangilio sita, lugha sita, urefu nne, hati nne. Jedwali lilikaa ndani ya droo. Mwanafunzi hakulitia machoni. Tangu mzazi mmoja alipomjia juu kwa madai ya upendeleo, aliapa kutotoa hata nusu alama nje ya jedwali.

Safari hii ilikuwa insha ya kufunga mwaka, "Siku Nisiyoisahau". Asiyefika kumi anarudia darasa. Binti mmoja wa dawati la nyuma aliandika nusu ukurasa kuhusu baba yake. Baba alikunywa chai, akatoka kwenda kazini. Habari za msiba zilipofika, mama alikuwa bado hajaondoa kikombe. Basi.

Urefu, sifuri. Jumla, tisa.

Bi Rula alijumlisha mara tatu, kisha akamwita.

"Mwanangu, ukurasa mmoja tu ulikushinda?"

"Haukunishinda, mwalimu. Yaliishia pale."

"Si ungeongeza kidogo?"

"Niongeze nini? Nimzulie baba?"

Bi Rula akafungua droo. Akabeba jedwali lake hadi kwa mwalimu mkuu.

"Watu wameshaandika, ndiyo unabadili masharti?" mkuu akauliza. "Wengine watasemaje?"

"Ndiyo maana simbadilishii mmoja. Wataandika upya wote arobaini na watatu."

"Na alama zinatakiwa Ijumaa! Hayo macho ya kusahihisha utaazima wapi?"

"Kosa ni langu, mkuu. Nimewapima kwa kipimo wasichokijua."

"Haya. Ijumaa saa nne, si zaidi."

Asubuhi iliyofuata Bi Rula alichora jedwali ubaoni, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Mstari wa urefu haukuwemo. Mahali pake aliandika: *jambo limemfikia msomaji, alama nne*.

"Lo! Kumbe tulikuwa tunajaza kurasa bure!" akaguna mmoja, darasa likacheka.

Binti wa dawati la nyuma hakucheka. Alikuwa wa kwanza kukusanya: nusu ukurasa ule ule, bila neno la ziada. Bi Rula alisoma mpaka kwenye kikombe, akaandika nne. Jumla, kumi na tatu.

Kisha akavuta insha ya pili.