Betri Juani

Juzi mpwa wangu alikuwa akipanga nyimbo za harusi yake kwenye simu, nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni mwangu, kule Mazinde. Ua lilinukia pilau. Shangazi Mwanaidi, bi harusi mwenyewe, aliwarudisha wanamuziki wake nyuma kwa kuzungusha kanda kwa kalamu, kaseti baada ya kaseti, na betri za redio alikuwa amezianika juani. Nilidhani nyimbo zimo ndani ya betri, zinakaushwa kama mahindi.

“Weka wimbo wa kuagana, ulie kidogo,” bibi yangu alimsihi. “Watu watasemaje?”

“Mama, naenda Handeni, siendi kaburini.”

Akazirudisha betri redioni, akaweka wa kucheza. Gari la kumpeleka kwa mumewe lilipowashwa, redio ikalegea, ikanyamaza. Nikasema moyoni, basi, nyimbo zimekwisha. Shangazi akatoa kichwa dirishani, akauendeleza wimbo kwa sauti yake, na aliyemwitikia wa kwanza alikuwa bibi.