Siku Mzee Rajabu Alipokataa Kisu

Vuta kigoda ukae, mwanangu, maana jambo hili haelezwi mtu aliyesimama. Umeniuliza kwa nini rafiki yako ameacha kusali, na kama umfuate au umwache. Sitakujibu mbio. Nitakurudisha kwanza kwenye harusi ya kaka yangu, pale Kasulu mjini, siku ambayo mbuzi alibaki amefungwa mpaka jua likapanda, kwa sababu mchinjaji alikikataa kisu.

Nilikuwa msichana mkubwa, mwimbaji wa kwaya, nina jibu la kila swali. Sisi ni Wakristo, wazee wetu walivuka kutoka Burundi. Majirani zetu pale mjini walikuwa Waislamu wenye maduka, na desturi yetu unaijua hata leo: kwenye sherehe anachinja Mwislamu, ili kila aliyealikwa ale nyama bila wasiwasi. Hakuna aliyetuamuru. Ni adabu tu ya watu wanaoombana chumvi.

Mchinjaji wetu wa siku zote alikuwa Mzee Rajabu, muuza chumvi na kanga, ambaye babu yake alitoka pwani. Asubuhi ile alikuja na kanzu safi, akamtazama mbuzi, akakitazama kisu, kisha akamwita pembeni shangazi yangu, dada wa baba. Tulimwita Masenge, kama tunavyosema nyumbani, na ndiye aliyesimamia sherehe. Mimi nilikuwa namenya ndizi hapo karibu, nikasikia yote.

"Dada, leo sichinji."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sisali. Ni muda sasa. Nikilitaja jina la Mungu juu ya mbuzi huyu na moyo wangu haupo, wenzangu watakula kwa kuniamini mimi. Siwezi kuwalisha hivyo. Mwiteni Sudi, fundi cherehani. Yule anasali."

Hebu fikiri, mwanangu. Angechinja, nani angejua? Lakini alijua pia kwamba akikataa, kabla ya jioni mji mzima utauliza kwa nini, na mfanyabiashara huishi kwa heshima yake. Akachagua kukataa.

Masenge hakuuliza la pili. "Ego," akasema, ndiyo yetu ya Kirundi, akatuma mtu kwa fundi. Sudi alikuja na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akamzunguka mbuzi. "Huyu hamjampigia chaki. Sasa nikate wapi?" Watu wakacheka, kazi ikafanyika. Jirani mmoja akachokoza kwa sauti, "Rajabu, umestaafu?" Masenge akamwahi. "Leo ni mgeni wangu. Mgeni hafanyi kazi."

Basi mimi, niliyekuwa na siri mkononi, nilifurahi. Niliona kama samaki karuka mwenyewe akaingia mtumbwini. Wakati wa chakula nikampelekea Mzee Rajabu sahani, nikapiga goti, nikamwambia, "Mzee, Jumapili karibu kwetu. Kwaya yetu ni nzuri."

Alitabasamu. "Nawasikia kila Jumapili, mwanangu. Ni nzuri kweli. Lakini mimi sikupotelewa na kwaya."

Masenge alinivuta mpaka nyuma ya jiko. Hakupaza sauti. "Mwana wanje, mwanangu we, mtu ametoka nje ya nyumba yake analia. Wewe unamshika mkono umwonyeshe vyumba vya kwako? Hujajua hata anacholilia." Kisha akabeba kigoda, akaenda kuketi karibu na yule mzee. Nami nikafuata na birika la maji ya kunawa, masikio yamesimama.

Nilitarajia atamuuliza kilichomtoa msikitini. Sivyo alivyouliza. "Rajabu, kilichokuwa kinakupeleka ni nini?"

Mzee aliacha kutafuna. Akaisogeza sahani kando.

"Maji," akasema.

"Maji gani?"

"Mke wangu Zuhura alikuwa anaamka kabla yangu. Unaijua baridi ya hapa alfajiri. Anawasha moto, ananipashia maji ya kutawadha, ananigusa bega. Miaka yote ile nilidhani naamka mwenyewe. Alipofariki, waombolezaji wakaondoka, asubuhi yake nikalala mpaka jua likawa kali. Nikajiuliza, kumbe humu ndani aliyekuwa anasali ni nani?"

Masenge hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Hayo alikwisha kuambiwa na wengi. Alimweleza habari zake mwenyewe. "Mimi nilipovuka mto Malagarasi kuja huku, mume wangu amebaki ng'ambo kaburini, niliacha kabisa. Nilivuna maharage, nikapanda tena, sijafumba macho kuomba. Kilichonirudisha hakikuwa mahubiri. Niliwasikia wanawake wanaimba kwa lugha ya nyumbani, nikaenda kukaa katikati ya zile sauti. Mungu nilimkuta humo baadaye. Au yeye ndiye aliyenikuta, mpaka leo sijui."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Sijui, Rajabu. Kula, nyama inapoa."

Ndivyo ilivyoishia. Hakumwalika kanisani, wala hakumsukuma arudi msikitini. Ila tangu hapo, kila alipokwenda sokoni, alipita dukani kwake akaketi kidogo, wakazungumza bei ya chumvi na magoti yanavyouma.

Miaka ikapita. Masenge akafariki. Asubuhi ya kuondoa matanga tulikuwa tumefunga mbuzi, tunamngoja Sudi. Akaingia Mzee Rajabu, mgongo umepinda, kisu chake amekifunga kwenye kipande cha kanga iliyochakaa, nadhani ya Zuhura. "Leo nachinja mimi," akasema. Sudi alipofika akamkuta ameshakunja mikono ya kanzu, akasogea nyuma. Mzee alipolitaja jina la Mungu sauti ilitetemeka. Kisu kikapita mara moja.

Udadisi wangu unaujua. Watu walipokwisha kula nilimfuata nikamuuliza amerudije.

"Nilianza kupasha maji kwa ajili ya kumkumbuka mke wangu tu," akasema. "Nilitaka kulisikia birika. Sasa maji yakishapata moto utayafanya nini? Nikanawa uso. Siku nyingine mikono, siku nyingine miguu. Mwili ulikumbuka kwanza, ulimi ukafuata, moyo ukaja mwisho ukijikokota. Shangazi yako hakunisukuma, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutembea."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza, mwanangu, na kuuliza si ujinga. Mama mmoja wa Kitahana alihama kanisa akawafuata waliokuja kumpalilia mahindi alipokuwa amejifungua. Mwingine alibadili dini kwa ajili ya ndoa. Ndoa ikavunjika, dini ikabaki, na anaipenda kuliko alivyompenda mume. Rafiki yangu wa Gwarama aliacha kwa kufikiri sana, hakurudi, na bado nikisafiri ufunguo wa nyumba yangu namwachia yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sikuambii imani zote ni mamoja. Mimi nina yangu na nimeishika. Ninachokuambia ni kwamba wengi wetu huletwa kwa Mungu na mkono wa mtu, au sauti, au maji ya moto wakati wa baridi, na kile kitu kikikatika tunabaki tumesimama gizani tukidhani ni imani iliyokufa. Wakati mwingine ni imani kweli. Wakati mwingine ni birika tu. Wewe uliye nje huwezi kujua, na yeye mwenyewe huenda hajui mpaka apate mtu wa kumwambia. Wala usiulize ili umrudishe, maana mtu huunusa mtego hata ukiufunika kwa majani mabichi. Masenge aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Mungu akupe subira ya Masenge, na akujalie, siku moyo wako utakapochoka, mtu wa kukaa nawe bila haraka.

Kesho nenda kwa rafiki yako. Usichukue kitabu, usichukue mwaliko. Muulize zamani kilichokuwa kinampeleka ni nini, kisha nyamaza mpaka amalize.