Vidonge Nilivyomficha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alijifunza kupika bila nyama akiwa amepita miaka sitini, na alijifunza kwa ajili yangu. Naanza na hilo kwa sababu nikisimulia habari za mimba yangu ya kwanza, watu huniuliza nilikuwa nakula nini, na nikiwajibu hunisifu mimi. Sifa zile si zangu.

Sili nyama tangu utotoni. Sina kisa kikubwa cha kueleza. Nilizaliwa Bendera, huku tambarare, katika nyumba ambayo nyama ilipikwa siku za sikukuu tu, na hata hizo siku chache zilinishinda. Kipande kilikataa kushuka. Nilikibana shavuni, nikasubiri wakubwa wazame kwenye mazungumzo yao, kisha nikatoka kama naenda kunywa maji na kukitema nyuma ya nyumba. Sikuwahi kusema sitaki. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, asiyeweza kukataa kitu mbele ya watu, ila anaweza kukificha.

Nilipopelekwa ukweni mara ya kwanza, juu milimani upande wa Mbaga, walichinja kondoo. Nilikaa na sahani mapajani, nikiisogeza nyama huku na huku. Mama mkwe aliniona. Aliingia jikoni akarudi na bakuli la makande waliyopikiwa watoto, mahindi na maharage yaliyoiva hadi yakaanza kupasuka, akaichukua sahani yangu na kuniachia lile bakuli. Safari iliyofuata nilikuta ameshanitengea chungu na mwiko, visivyoguswa na nyama. Ndugu walipomuuliza, aliwajibu kwamba kila mtu ana tumbo lake.

Mimba iliingia mwaka wa pili wa ndoa. Tulikuwa tunaishi Same mjini. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na mume wangu alikuwa fundi wa pampu za umwagiliaji, kwa hiyo mara nyingi alikuwa Kileo au huku kwetu Bendera, wiki nzima harudi. Miezi ya mwanzo nilitapika sana. Kliniki wakapima damu wakakuta ni kidogo. Nesi, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliandika kwenye kadi yangu, akanipa vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku, na kunieleza mambo mawili: nile mboga za majani kwa wingi, na niache kunywa chai pamoja na chakula kwa sababu inazuia damu kuongezeka.

Chai niliiacha siku hiyo hiyo. Vidonge nilivinywa siku nne.

Sijui niielezeje ile ladha iliyobaki mdomoni. Ilikuwa kama nimelamba jembe. Kila nilipomeza, tumbo lilijikunja na chakula chote kikarudi, na choo kikawa kigumu na cheusi nikaogopa. Siku ya tano nilikishika kidonge mkononi, nikakitazama, nikafungua kopo la majani ya chai lililokuwa juu ya kabati na kukitumbukiza humo. Nilijiambia ni kwa siku hiyo tu, nipumzike. Kesho yake nikafanya vilevile. Mume wangu alipopiga simu kuuliza kama nimekunywa dawa, nilijibu nimekunywa.

Mama mkwe alishuka mwezi wa tano wa mimba, baada ya kusikia kuhusu damu. Alikuja na gunia la ndizi, mfuko wa maharage na fungu la mnafu, mboga ya majani ya kwao mlimani, lililofungwa kwenye majani ya mgomba lisinyauke njiani.

"Shikamoo mama," nikamwambia, nikitaka kumpokea mzigo.

"Marahaba. Acha, huo mzigo si wa kwako," akasema, na kabla hajaketi alinisogeza mlangoni penye mwanga, akaivuta chini kope yangu kwa kidole gumba na kutazama ndani ya jicho. "Peupe," akasema. "Lakini tutaparudisha."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni na kuitazama kope yangu, kisha akaingia jikoni. Alipika mnafu kwa karanga alizotwanga mwenyewe, akaukamulia limao mwishoni kwa sababu alisikia kwamba ndimu na limao husaidia. Alipika kisamvu, majani ya kunde, choroko kwa nazi, ndizi zilizopondwa pamoja na maharage na maziwa ya mgando pembeni. Mtori, ile supu nzito ya ndizi, aliupika bila nyama, akauunga kwa kitunguu na siagi ya nyumbani, na mpaka leo sijaonja mwingine kama ule. Vyote nilivila. Hapo sikumdanganya. Nililamba sahani, na yeye alikaa kwenye kigoda akinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shambani kwake.

Halafu aliacha chai. Yeye, mtu wa mlimani, aliyekunywa chai ya maziwa asubuhi na alasiri tangu alipokuwa msichana. Nilimwambia yeye anaruhusiwa. "Harufu yake itakutamanisha," akasema. "Wewe ukiacha na mimi naacha." Kwa hiyo kopo la majani ya chai lilikaa juu ya kabati bila mtu kulifungua isipokuwa mimi. Maficho yangu aliyalinda yeye, kwa wema wake.

Tulikwenda kliniki pamoja mwezi uliofuata. Alivaa kitenge chake kizuri. Nadhani alitarajia kupongezwa. Nesi alipima, akapima tena.

"Imeshuka," akasema. "Mama, vidonge unakunywa?"

Sikuwahi hata kufungua mdomo. Mama mkwe alijibu kwa niaba yangu. "Anakunywa. Mimi ninaishi naye, namwona akiingia kuvichukua."

Nesi akanigeukia. Niliitikia kwa kichwa.

"Basi tuangalie chakula," nesi akasema kwa upole, akiandika. "Mnakula nini nyumbani?"

Mama mkwe akaanza kutaja. Alitaja kila kitu, mpaka limao, na sauti yake ikawa inapungua kadiri alivyoendelea, kama mwanafunzi anayegundua katikati ya jibu kwamba amekosea. Nimefundisha watoto miaka mingi, sauti ile naijua. Nilikuwa nimekaa kando yake na jibu ninalo mimi.

Nyumbani aliinua mfuniko wa chungu, akaonja mboga, akasimama akiwaza.

"Labda naichemsha mno," akasema. "Labda nguvu yote inaondoka na maji."

"Mboga ni nzuri, mama."

"Nzuri mdomoni. Mwilini haifiki."

Wiki hiyo alikuja shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, anayekaa hapo hapo Same karibu na barabara kuu. Nilikuwa chumbani nimejilaza, na kati yangu na wao kulikuwa na pazia tu. Habari ya kliniki alikwisha kuisikia.

"Wifi, unamwua mjukuu wa kaka yangu kwa majani," akasema. "Huyu binti mnamdekeza. Nunua maini, yasage, yatie kwenye maharage. Hatajua."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Basi lawama utazibeba wewe."

"Nitazibeba. Mimi ndiye ninayepika. Kama kuna kosa, liko mkononi mwangu."

Nilisikia kila neno. Kutoka kitandani hadi kwenye lile pazia ni hatua tatu. Nilijigeuza nikautazama ukuta, mtoto akicheza tumboni, nikasubiri shangazi aage.

Alipoondoka, mama mkwe aliingia akaketi ukingoni mwa kitanda. Alinisimulia yote aliyoambiwa, akidhani nilikuwa nimelala. Kisha akasema, "Ningeweza kweli kukutilia maini usijue. Nimeliwaza hilo tangu tulipotoka kliniki, sikufichi. Lakini mtu akikuaminia chungu chake, humchezei. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: unaweza kujaribu, hata supu kidogo?"

"Sitaweza, mama," nikasema.

"Haya. Basi nitatafuta njia nyingine."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Alikuwa ameniwekea mlango wazi kabisa, na kwa kauli ambayo ingemchoma mtu yeyote mwenye moyo. Nilimshukuru. Nilimshika mkono nikamshukuru, naye akaondoka akifikiri ameeleweka.

Njia nyingine aliyoipata ilikuwa kupanda kwake mlimani. Alishawishika kwamba mnafu wa sokoni hauna nguvu, umemwagiliwa maji yasiyofaa kwenye udongo uliochoka, na kwamba ule wa shambani kwake, unaoota wenyewe kwenye kivuli cha migomba, ndio utakaofaa. Alisema atarudi baada ya siku tatu. Mvua zilikuwa zimeanza kule juu. Sisi Same tuliona mawingu tu yamekaa mgongoni mwa milima. Siku ya pili, akishuka kutoka shambani na kikapu, aliteleza kwenye udongo wa mteremko akaangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika.

Mume wangu ndiye aliyeniletea habari. Alikuwa amerudi kutoka Kileo mchana ule, buti zake bado zina matope. "Mama kaanguka akikuchumia mboga," akasema. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anaeleza tu kilichotokea. Nilisimama juu ya kigoda, na tumbo lile, nikalishusha kopo la chai na kuliweka mezani mbele yake.

Alilifungua, akachungulia.

"Vyote hivi?"

"Vyote."

"Na mama anajua?"

"Hajui."

Alilifunga kopo, akaenda nje kuvua buti, na hakuingia ndani mpaka nilipomfuata. Sikuwahi kumwona mume wangu analia. Siku ile pia sikumwona, kwa sababu alinipa mgongo. Kesho yake tulikwenda kwa nesi wote wawili, nikasema ukweli. Nilitegemea kufokewa. Nesi alivua miwani, akaifuta. "Wengi vinawasumbua," akasema. "Ungesema tu. Tungekubadilishia." Alinipa dawa ya maji, akanielekeza niinywe baada ya kula chakula kizuri na si kwenye tumbo tupu. Ilikaa tumboni. Damu ikaanza kupanda, na kufika mwezi wa tisa nesi alisema sina sababu ya kuogopa.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mpaka leo jambo hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Desturi ni bibi kumwogesha na kumkanda mtoto, na mama mkwe alikuwa ameisubiri kazi hiyo tangu mwanawe alipooa. Alishuka mkono ukiwa bado umefungwa, mfupa ukichelewa kuunga. Alikaa kando ya beseni na kuelekeza, kichwa shika hivi, maji yasifike sikioni, na mkono wa kushoto ukawa unainuka wenyewe kila mara kisha anaurudisha mapajani. Siku ya tatu sikuvumilia. Mtoto alikuwa amelala. Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza kila kitu: siku ya tano, kopo, kliniki, pazia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo chakula changu hakikuwa na tatizo," akasema.

"Hakikuwa na tatizo, mama. Bila hicho labda ningeanguka mapema zaidi."

"Nilikuwa naamka nautazama mkono huu. Nadhani una kasoro. Nikakumbuka wanangu wawili waliofariki wadogo, nikasema labda hata wale ni mimi, labda sikujua kulisha."

Hilo sikulijua. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu watoto hao, hata mume wangu. Nilianza kuomba msamaha, naye akanizuia.

"Nimekusamehe. Usinipigie magoti, una mshono. Lakini leo usizungumze nami tena."

Alikaa barazani peke yake hadi jua lilipoelekea kuzama. Kesho yake alizungumza kama kawaida, akaniuliza kama maziwa yanatoka. Jambo lile hakulitaja tena, wala kwa ndugu yeyote.

Shangazi alikuja kumwona mtoto baada ya wiki mbili. Alimpakata, akamsifu, kisha akamtazama mama mkwe. "Umeona wifi? Kaokolewa na dawa za hospitali. Ungeendelea na majani yako tungekuwa tunasimulia mengine."

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwa mkono mmoja.

"Shangazi," nikasema, "majani hayakuwa na kosa. Mimi nilikuwa sinywi vidonge. Nilivificha, nikamwacha mama alaumiwe."

Shangazi alinirudishia mtoto taratibu, kama vile mikono yangu haistahili lakini hana pengine pa kumweka. Alikunywa maji, akaaga mapema.

Nilidhani mama mkwe atafurahi. Alisukuma ungo pembeni, akatikisa kichwa.

"Huyo hukupaswa kumwambia," akasema. "Sasa utalisikia kila msiba na kila harusi."

Na kweli nimelisikia. Mkono wake ulipona lakini ulikaa upande, hawezi kuushika mchi vizuri. Akija Same karanga natwanga mimi, na yeye huketi kwenye kigoda akiniambia bado, endelea, bado zina chenga.