Somo la Kusimama

Mwenyekiti wetu alilipenda sana neno kujiamini. Alikuwa mwanafunzi wa sheria, Muganda aliyelelewa zaidi na shule za bweni kuliko na mama yake, na ndiye aliyetukusanya sisi wanafunzi wa chuo kikuu twende Mbuya, mtaa mmoja wa Kampala, kila Jumamosi kufundisha watoto wa sekondari bure. Kanisa moja chini ya kilima chenye kambi ya jeshi lilitupa ukumbi. Mimi nilipewa hesabu na kemia. Nisijipambe kwa sifa nisizo nazo: nilikwenda kwa sababu Jumamosi hosteli haikukalika, na msichana niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa na mchumba asiyejua kuaga.

Mimi ni mtu wa Changamwe, Mombasa. Nilikuja Kampala kusomea uhandisi wa maji, na kabla ya hapo sikuwa nimemwona binadamu akimpigia mwenzake magoti nje ya kanisa na sinema. Jumamosi yangu ya kwanza msichana mmoja alinifikia mezani, akashuka hadi sakafuni. Nilidhani amedondosha kalamu. Nikainama nami kumsaidia kuitafuta, tukawa wawili chini ya meza, yeye ananisalimia na mimi napapasa vumbi. Darasa zima lilicheka, na yeye pia alicheka, kwa mkono mdomoni.

Basi nikajifunza. Msichana wa Kiganda aliyefunzwa akimsalimia mkubwa hupiga magoti. Akimpa kitu hupiga magoti. Hata akija kuuliza kwa nini sodiamu inawaka majini hupiga magoti kwanza, ndipo aulize. Nilizoea kwa haraka iliyonishangaza. Kwetu mkubwa unamwambia shikamoo, nayo ukiitazama vizuri ni kupiga magoti kwa mdomo.

Mwenyekiti yeye hakutaka kuzoea. Jumamosi moja alisimama mbele ya ukumbi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hapa hakuna kupiga magoti. Alisema msichana anayeanza mazungumzo akiwa sakafuni hatafika popote maishani. Akawapanga foleni na kuwafundisha: nyoosha mgongo, toa mkono, mtazame mtu machoni, taja jina lako kwa sauti. Hilo aliliita somo la kujiamini. Sisi walimu tulisimama upande wa pili kama wachezaji wa mpira kabla ya mechi, wasichana wakatupita mmoja mmoja wakitushika mikono. Wengi walitazama mabega yetu. Yule wa kalamu alinitazama machoni moja kwa moja, hata mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Msichana huyo alikuwa sinia foo, yaani kidato cha nne, mwaka wa mtihani mkubwa. Aliwahi kuona darubini kwenye zahanati, mpimaji akainama na kumtafutia malaria kwenye tone la damu, na tangu siku hiyo hakutaka kuwa kitu kingine. Kemia haikumjia upesi. Lakini swali akilishika halitoki mkononi, atakuja nalo Jumamosi hii, na ijayo, na ile ya baadaye, mpaka mnachoka wote wawili naye ameelewa. Wapo wanafunzi werevu zaidi niliowafundisha nikawasahau.

Muhula wa mwisho kabla ya mtihani, Jumamosi moja hakuja. Mwenzake wa dawati akaniambia kwamba senga yake anamrudisha kijijini, Masaka. Senga ni shangazi, dada wa baba, na kwa Waganda ndiye mwenye kauli juu ya msichana. Huyu wa kwake ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Nikauliza kosa ni nini. Mwenzake akaangalia mlango, akasema, "Madamu, alisalimia wageni amesimama."

Jambo la kurudi kijijini lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Mtihani unaufanyia shule uliyosajiliwa, na usajili ulikuwa umeshafungwa. Akiondoka Mbuya angengoja mwaka mzima, na kwa msichana wa umri wake, kijijini, bila shule, mwaka mzima haukai bure. Huleta mume.

Tulikwenda kwa senga siku ile ile, mwenyekiti na mimi. Tulimkuta barazani anachambua maharage, mwanamke mnene wa makamo, mjane wa mwanajeshi, nyumba yake ya matofali iko mwendo wa kutupa jiwe mara mbili kutoka ukuta wa kambi. Msichana alikuwa uani anafua, hakuinua kichwa. Mwenyekiti alianza kwa Kiganda, na ingawa Kiganda changu ni cha kununulia nyanya, nilisikia maneno ya Kiingereza yakipita ndani yake, katiba, haki, mtoto wa kike. Senga alichambua maharage. Alipomaliza kusikiliza alimwuliza swali moja fupi, mwenyekiti akajibu kwa sauti ndogo. Baadaye nilimbana anitafsirie. Alikuwa ameulizwa kama yeye humsalimia bibi yake amesimama, naye akajibu kwamba kwa wanaume ni tofauti.

Kisha senga akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. Alikiokota kambini kwa marehemu mumewe, na nadhani alikitumia siku ile kwa sababu majirani walikuwa wameshasogeza viti karibu. Kampala watu wengi wakisikia Kiswahili hufikiria askari au mwizi. Waliposikia chake walirudi ndani.

"Wewe mutoto ya Kenya, sikiliza," alisema. "Hii nyumba bwana yangu alijenga. Sasa alikufa. Watu yake wanataka nyumba. Walikuja kuangalia mimi naishi namna gani. Mama mkwe alikuwa hapa. Shemeji alikuwa pale kwa kiti. Naambia mutoto, leta chai. Anakuja, anasimama mbele ya mama mkwe namna hii." Akaweka ungo chini, akasimama, akanyoosha mgongo, akatoa mkono na kunikazia macho. Alimwiga mwenyekiti wetu bila kujua, hata kidevu. "Anasema jina yake. Mama mkwe hakusema kitu. Aliangalia shemeji tu. Ile kuangalia ndiyo ilinimaliza."

Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze, vyote kwa pamoja.

Alieleza yaliyobaki akiwa ameketi. Wakwe walikuwa wanarudi kesho yake, Jumapili. Wakimkuta mtoto, watasema mjane huyu amegeuza nyumba ya ndugu yao kuwa nyumba ya wahuni. Wakikuta ameondolewa, watajua ameadhibiwa. Hakuwa na hasira na mtoto, alisema, yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia vitabu. Lakini mtihani ni wa mutoto moja, na nyumba ikienda wote watalala nje.

Nilimwambia habari za usajili. Alizijua. Nilimwambia msichana anaweza kupita vizuri. Alijua hilo pia, na hapo nikaona macho yake yamelowa, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la maharage.

"Basi kuja wewe," akasema mwishowe. "Wewe ni mwalimu yake. Kesho Jumapili kuja, uvae vizuri, upige magoti. Waone mwalimu mwenyewe anajua adabu. Mimi nitasema mutoto alisahau siku moja tu. Watanyamaza."

Njiani mwenyekiti alinikataza. Alisema nikipiga magoti nitabomoa kila tulichojenga, kwamba wasichana wote wa Mbuya watasikia. Nilimwuliza ana mpango gani mwingine. Akasema tungeweza kuita mkutano. Nikamwambia magoti ni yangu, na kama anaona yana thamani kubwa hivyo aje atoe ya kwake. Tuliachana stendi ya boda bila kuagana. Nilikuwa nimekasirika hata nikapanda pikipiki ya mtu bila kuulizia bei, kosa ambalo Kampala halisamehewi.

Jumapili nilifika mapema. Suruali zangu hazikufaa, kwa hiyo senga alinipa gomesi yake ya kijani, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Kiganda, iliyoshonwa kwa mwili wa mara mbili ya wangu. Msichana ndiye aliyenivisha. Alinikunja, akanizungusha, akanifunga mshipi kiunoni mpaka nikawa mtu. Halafu akanifundisha kushuka. Goti la kulia kwanza, polepole, kisha la kushoto lilifuate, miguu yote upande mmoja, nguo isikanyagwe. Sinia ishikwe kwa mikono miwili. Macho chini. Alinifundisha kama nilivyomfundisha mimi kusawazisha milinganyo, kwanza upande huu, halafu ule, na nilipoanguka ubavu alicheka kile kicheko chake cha mkono mdomoni.

Nilimwuliza kilichomfanya asimame mbele ya wakwe. Ile ilikuwa ni kwa ajili ya ukumbini, nikasema, kwa walimu.

"Hamkusema ni kwa ukumbini, Madamu," akajibu, akiutazama mshipi. "Mlisema tusimame."

Wakwe walikuja baada ya ibada. Mama mkwe alikuwa bibi mdogo, mkavu, aliyeketi mkekani akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake. Shemeji alichukua kiti. Nilitoka na sinia ya chai, nikashuka goti la kulia, nikashuka la kushoto, chai ikamwagika kidogo kwenye sahani za vikombe lakini vikombe havikuanguka. Bibi aliushika mkono wangu, tukaingia kwenye salamu ya Kiganda, ambayo haina haraka: umelalaje, vizuri, za huko, nzuri, asante kwa kazi, asante nawe, na mihemo ya mmm, mmm katikati. Nilijibu nilivyofundishwa. Niliona miguu yake tu, na kucha zake zilizokatwa vizuri. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wanaosema hivyo hawasemi kama linauma, na mimi naweza kusema halikuuma. Lilikufa ganzi.

Senga alieleza mimi ni nani. Bibi akauliza kitu, senga akajibu, wote wakacheka, na shemeji naye akatabasamu ndani ya kikombe. Bibi alikuwa ameuliza kama Wakenya nao hupiga magoti. Senga akamjibu kwamba waliofunzwa hupiga.

Kisha msichana akatoka. Alishuka sakafuni kwa wepesi ulionifanya nione aibu ya kushuka kwangu, akasalimia kwa sauti ya chini isiyotetemeka. Bibi akamweka mkono kichwani. Habari ya nyumba haikutajwa siku ile, wala habari ya Masaka. Walikula, wakasifu ndizi, wakaenda. Senga alikaa kizingitini muda mrefu akiwa na kanga usoni, na mimi nikamwachia nafasi.

Msichana alibaki. Ukumbini senga hakumruhusu tena, kwa hiyo nilimfundishia barazani kwa senga, kwenye ubao wa kabati kuukuu, mpaka mtihani ukaja. Mwenyekiti aliendelea na Jumamosi zake. Somo la kujiamini lilibadilishwa jina likawa somo la mawasiliano, na wasichana wakaambiwa kila mtu afuate utaratibu wa nyumbani kwao. Mwenyekiti na mimi tulirudi kusalimiana, tena vizuri tu. Mtihani ulipomalizika nami nilikwenda Changamwe likizo, na niliporudi sikupata tena sababu ya kufika Mbuya. Nikajihesabia ushindi. Mtu kasoma, kafanya mtihani, shangazi yumo nyumbani mwake, gharama yake magoti mawili ya Mkenya. Nilisimulia kisa hicho hosteli mara nyingi, na pale kwenye gomesi watu walicheka kila mara.

Nilikutana na yule msichana mwaka uliofuata, Kalerwe, sokoni, siku ya mvua. Nilikuwa nachagua nyanya. Barabara ilikuwa tope na majani ya kabichi, boda zinapenya, wachuuzi wanaita. Nikasikia Madamu, nikageuka, naye alikuwa ameshafika chini. Alikuwa na sare ya shule mpya, sketi ya buluu, soksi nyeupe, magoti yote mawili ndani ya tope. Watu walimpita kando kama wanavyolipita gari lililoegeshwa. Akanisalimia salamu nzima, na mimi nikajibu nzima, nyanya mkononi.

"Nilipita, Madamu. Kemia pia. Sasa nafanya sayansi, sinia faifu."

Nilifurahi kama niliyepita mimi. Nilitaka kuyaona yale macho yaliyowahi kunishinda ukumbini. Yeye alitazama viatu vyangu. Nikamwambia anyanyuke, jamani, sare itaharibika.

Akanyanyuka mara moja. Akanyoosha mgongo, akanipa mkono, akanitazama machoni moja kwa moja, akangoja nimwambie linalofuata.