Wino wa Mkono wa Kuume

Kitambulisho cha Njoki kiliungua kwenye jiko lake mwenyewe, juu ya makaa yake mwenyewe, Jumapili saa nane mchana, yeye akiwa kwenye foleni ya maji. Aliporudi na mtungi mgongoni alikuta watu tisa wa ushirika wa maombi wa mumewe wamelizunguka jiko mlangoni pake. Walikuwa wanaimba, na harufu ya plastiki ilikuwa imejaa ploti nzima.

"Mnachoma nini?" aliuliza.

"Tumekuweka huru, Mama Shiru," mumewe Kihara alimjibu. Uso wake ulikuwa mwororo kama wa mtu aliyekuletea zawadi.

Njoki alikuwa akikiweka kitambulisho hicho kwenye mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda, pamoja na kadi ya kliniki ya binti yao Shiru, ambaye siku hizi ana watoto wake mwenyewe. Kihara alikitoa bila kumwuliza, kama mtu anavyochukua kijiko. Chake pia alikuwa amekichoma. Hata Ndugu Micah, aliyeyaanzisha yote hayo, alikuwa amekichoma cha kwake, tena cha kwanza. Hilo Njoki alimkubalia. Mwongo hakuwa. Afadhali angekuwa mwongo, maana mwongo hupumzika.

Ndugu Micah alikuwa fundi wa redio Bondeni kabla ya kuitwa. Alikifungua kitabu cha Ufunuo vile vile alivyokuwa akifungua redio: vipande vyote vinatolewa mezani, vinapanguswa, vinarudishwa, na vikibaki viwili vitatu baada ya kufunga, hasemi kitu. Alifundisha kwamba vitambulisho vipya vya serikali vyenye chipu ndiyo ile chapa ya mnyama, na kwamba aliye na kadi ya zamani tayari ameshika foleni ya kuipokea. Kufundisha kwataka picha, na picha yataka kitambaa. Kihara alimpa pazia la Njoki, lile linalogawanya chumba chao cha Kaptembwo, upande huu kitanda, upande ule viti. Micah akachora juu yake mnyama mwenye vichwa saba kwa rangi ya mafuta. Kwa miezi mitano Njoki alilala nyuma ya mnyama huyo, akimwona kwa mgongo, na kila jioni akisikia vichwa vyake vikihesabiwa upya. Juzi kichwa cha nne kilikuwa ufalme wa Ulaya. Jana kilikuwa benki.

Jumapili hiyo hiyo, jiko halijapoa, simu ikalia. Ilikuwa Mbugua, ndugu yake mdogo, kutoka Dundori.

"Dada, chifu anaandika ile barua ya shamba la mama. Anataka vitambulisho vya watoto wote wa marehemu, mwisho Alhamisi saa nne."

"Alhamisi hii?"

"Hii. Lakini wewe usijisumbue. Kama uko bize sisi wawili, mimi na kaka, tutaandikwa, wewe tutakuweka baadaye."

Njoki alilijua neno hilo la "baadaye". Alipofika umri wa shule aliambiwa ataenda baadaye, kwanza ambebe Mbugua mgongoni. Mbugua alisoma mpaka darasa la nane, na Njoki hadi leo hajui kuandika jina lake. Ekari moja na nusu ya Dundori mama yao aliilima peke yake, na miaka miwili ya mwisho, mama hawezi hata kugeuka kitandani, aliyemgeuza alikuwa Njoki. Jina lake likikosa kwenye barua ya chifu, kortini atakwenda kueleza nini, kwa karatasi gani?

"Nitakuja," alimwambia Mbugua, akakata simu.

Jumatatu alijua uzito wa kile kilichoungua. Wateja wake wa chapati, vijana wa mjengo, walikuwa wamemlipa kwa simu wiki nzima. Alikwenda kwa Sally, wakala wa pesa za simu kwenye kona, atoe za kununua unga.

"ID, mathe."

"Sally, si unanijua? Kila asubuhi unakula chapati yangu."

"Nakujua mathe, lakini kitabu hakikujui. Lazima niandike namba ya ID. Mkubwa wangu akikuta nafasi ya namba iko wazi, ni mimi naenda nyumbani."

Hakupata unga, basi hakukuwa na chapati. Vijana wa mjengo walipita, wakaona karai limefunikwa, wakaenda kwa jirani. Kihara alikuwa kitini mbele ya pazia, Biblia magotini. Yeye alikuwa fundi wa mawe mzuri sana, Njoki hawezi kumnyima hilo, lakini tangu Februari alikuwa ameacha kujenga nyumba ambazo, kwa hesabu yake, hakuna atakayelala ndani yake.

"Ona sasa," Kihara alisema kwa furaha alipomwona amerudi mikono mitupu. "Bila chapa huwezi kununua wala kuuza. Si imeandikwa? Imetimia mbele ya macho yako!"

Njoki alimwangalia mpaka akainamisha macho kwenye kitabu.

Jumanne alikwenda stesheni. Polisi wa zamu aliitwa Kiptum. Alivuta daftari, akalamba kidole.

"Kilipotelea wapi, mama?"

"Kilichomwa. Na mume wangu. Kwa sababu ya Ufunuo."

Kiptum akaweka kalamu chini. "Sasa hapo umeniletea shida. Nikiandika kimechomwa, ni kosa, lazima nimlete mzee wako ndani. Nikiandika kimepotea, umenidanganya."

"Andika kimepotea, afande. Mwenyewe amepotea, na kitambulisho kimepotea naye. Hakuna uongo hapo."

Kiptum alicheka mpaka mwenzake akatoka ofisi ya ndani kuuliza kuna nini. Akaandika. Lakini kabla ya kugonga muhuri akaegemea kaunta. "Hawa watu wa mzee wako hawajasoma vizuri. Chapa si kadi. Chapa ni ile mistari myeusi nyuma ya pakiti ya maziwa. Hesabu ile mistari siku moja."

"Nitahesabu, afande. Gonga muhuri."

Kwenye foleni ya wasajili, Jumatano, mwanamke wa mbele yake alimwambia chapa ilikuwa sindano ya korona. Mzee wa nyuma akasema wote wamekosea, ni simu, kwa nini mtu hawezi kuiweka chini hata msalani? Wakabishana juu ya kichwa cha Njoki kwa saa nzima. Katika siku tatu alikuwa amekutana na mnyama huyo mara nne, kila mara na nguo mpya, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyemwuliza anataka kitambulisho cha nini.

Karani aliitwa Cheruto, mwanamke mnene, mtaratibu. Alimpaka wino vidole vyote kumi, akabonyeza kidole gumba kwenye fomu, akainua, akakunja uso.

"Mama, vidole vyako havina mistari."

"Niliiacha Karagita," Njoki alisema. Alikuwa amekata maua huko miaka tisa, miiba na dawa, kisha akaja kugeuza chapati kwa mkono miaka kumi na moja.

Cheruto alijaribu tena. Doa jeusi, laini kama zabibu. Fomu ya pili ikaharibika.

"Rudi Jumatatu, upake mafuta kila siku, vitalainika."

"Jumatatu nitakuwa sina shamba." Ndipo Njoki alipoeleza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda, habari ya mama, ya Mbugua, ya Alhamisi saa nne, ya jiko. Foleni ikasogea kusikiliza. Hata mzee wa simu aliinama asikie.

Cheruto alisukuma fomu kando. Alifungua mkoba wake, akatoa mafuta yake ya mikono, akamfuta Njoki wino wote kwa kitambaa na kumsugua kidole kimoja kimoja, kama anayemkanda mtoto mchanga. Akangoja. Akapaka wino tena, kidogo, akabonyeza kwa uzito wa bega lake lote. Alipoinua kidole gumba cha kuume, mistari ilikuwepo. Hafifu, imekatikakatika, lakini ilikuwepo.

"Hii ni karatasi ya kungojea," alisema alipomaliza. "Chifu ataikubali. Na wino hauwezi kutoka kabla ya kesho kutwa, usijichubue bure."

Alipofika nyumbani ushirika ulikuwa umeshaanza, wote tisa wamebanana mbele ya pazia. Njoki alipita katikati yao kwenda kitandani, akasahau kuficha mikono. Ndugu Micah akanyamaza katikati ya kichwa cha tano.

"Dada Njoki. Mkono wako wa kuume."

"Na wa kushoto," Njoki alisema, akaiinua yote miwili. "Soma hapo kwenye kitabu. Imesema wa kushoto?"

Micah, kwa mazoea ya fundi, akaangalia kweli. "Haijasema."

"Mama Shiru!" Kihara alisimama. "Umekwenda kuipokea!"

"Keti, Baba Shiru. Ndugu Micah, soma mbele. Huyo mnyama akishawatia watu chapa, anawakataza nini?"

"Wasio nayo wasiweze kununua wala kuuza."

"Haya. Mimi tangu Jumatatu sijanunua unga wala kuuza chapati. Serikali haikuja hapa. Sally hakuja hapa. Nani aliyenizuia?"

Macho yote yakamgeukia Kihara. Mtu mmoja alikohoa.

"Dada," Micah alisema polepole, "si vizuri kufasiri maandiko na hujui hata kusoma."

"Sijui, ndio. Lakini unayasoma kila siku kwa sauti ya mnada hatua mbili kutoka kwa mto wangu. Ningekosaje kuyashika? Nyinyi mmetafuta mnyama Ulaya, mkamtafuta benki, mkamtafuta kwenye chipu. Na mimi kila siku namwona hapa, anakula ugali wangu, anachoma makaa yangu, ananiambia nisinunue wala nisiuze. Hana pembe. Amevaa sweta nililomfumia."

Kihara aliliangalia sweta lake. Njoki alipanda kitini, akalichomoa pazia kwenye misumari, vichwa saba vikamwangukia begani, akalikunja na kuliweka kwenye mfuko pamoja na nguo zake na mkebe wa majani. Usiku huo alilala kwa Shiru.

Alhamisi saa tatu na nusu alikuwa kwa chifu, Dundori. Mbugua alipomwona akainuka kwenye benchi.

"Dada! Umekuja kweli? Nilifikiri wale watu wenu hawakubali mambo ya ofisi."

"Nani alikwambia habari ya watu wetu?"

Mbugua akatazama nje. Chifu akachukua karatasi ya kungojea, akaisoma mara mbili, akamgeukia Mbugua. "Hapa niliambiwa marehemu alikuwa na watoto wawili."

"Watatu," Njoki alisema. "Huyo mmoja nilimbeba mgongoni." Akaweka kidole gumba, wino juu ya wino.

Korti ilichukua mwaka na zaidi, na nusu ekari yake ilipatikana kwenye mteremko, upande wenye mawe, maana ndugu ni ndugu. Njoki alipanda mahindi na maharagwe. Ndege walipoyafuata mahindi, alisimamisha mti, akauvika pazia. Siku ya kwanza ndege walimwogopa yule mnyama. Siku ya tatu kunguru alikuwa ametua juu ya kichwa cha nne, anajikuna.

Ndivyo Kihara alivyomkuta, alipopanda mlima saa sita mchana, viatu mkononi. Ushirika ulikuwa umevunjika: Micah sasa alifundisha kwamba chapa ni mabati ya rangi. Na Kihara alikuwa ameanza tena kutafuta kazi, akarudishwa kwenye lango la mjengo wa tatu, kwa sababu askari wa lango wanataka ID.

Alikula maharagwe sahani mbili. Kisha akafuta mdomo.

"Mama Shiru. Pale stesheni, uliwaambia nini?"

"Waambie kimepotea."

"Nawe unaweza kunisindikiza?"

Njoki alishika jembe. "Nina palizi," alisema. "Ukitoka hapo pita kwa karani Cheruto, na uende na mafuta yako ya mikono. Foleni ni ndefu, lakini hutakosa mtu wa kukuhubiria."