Pampu Kiunoni, Mama Mkwe Sebuleni

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya upili huku Msambweni, na tangu ujana wangu ninaishi na kisukari, kile cha sindano. Nimejidunga nyuma ya ubao nikifundisha, nimejidunga matangani, na siku ya harusi yangu nilijidunga chumbani huku wapambe wakinishikia kanzu isidondokewe na damu. Kwa hiyo dada yangu, ambaye ni muuguzi ng'ambo, aliponipigia simu kuniambia kwamba amenipatia pampu ya insulini, nilimjibu kwa majivuno kwamba mimi na sindano tumezoeana kama kinu na mchi.

Akasema, "Kaka, mara ya mwisho nilipokuja nyumbani nilikukuta alfajiri umelala bandani na kuku."

Lilikuwa jambo la kweli, nami sikupenda likumbushwe. Sukari yangu ina tabia ya kushuka usiku, na ikishuka hunipeleka itakako yenyewe. Nikaikubali pampu.

Ni kidude cha ukubwa wa kibiriti kikubwa, unakivaa kiunoni. Ndani yake mna dawa, na kutoka kwake hutoka mpira mwembamba kama mshipi wa kuvulia, ambao mwisho wake umeingia chini ya ngozi ya tumbo. Dawa huingia matone kwa matone mchana na usiku, na wakati wa kula unabonyeza kuongeza. Mkononi unabandikwa kipimaji, duara kama sarafu, kinachoisoma sukari kila baada ya dakika chache. Sukari ikishuka chini ya nne, pampu inalia. Zipo pampu zinazojisimamisha zenyewe sukari ikishuka. Yangu haina akili hiyo. Inalia tu, na kungoja mwenyewe awe nayo.

Aliyenifundisha kuitumia alikuwa muuguzi wa kliniki moja ya Diani, binti wa bara mwenye umri wa wanafunzi wangu wa juzi. Alinieleza kwa subira. "Mwalimu, ukishapiga dawa ya chakula usiharakishe kuongeza nyingine. Ile ya kwanza huwa bado iko kazini kwa saa tatu, nne. Na siku ukifanya kazi ngumu, punguza ya usiku, kwa sababu mwili utaendelea kula sukari ukiwa umelala."

Nilitikisa kichwa kama wanavyotikisa wanafunzi wangu, yaani bila kusikia. Nilikuwa nimeshughulika kuona kwamba amekosea kugawanya kwenye karatasi yake. Nikamsahihisha. Alinishukuru, nami nikarudi nyumbani nikijiona nimehitimu.

Wiki ya kwanza pampu ilinitia adabu. Mpira ulinasa kwenye kitasa cha mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, nikarudishwa nyuma kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Bafuni niliisahau, nikafungua kikoi, nayo ikaanguka ikaning'inia kwenye tumbo langu kama ndoo ya kisima. Faida niliiona darasani tu. Wanafunzi walipeana habari kwamba mwalimu amevaa chombo cha kunasa sauti, na kwa wiki mbili nikafundisha kwenye utulivu ambao sijawahi kuuonja tangu nilipoajiriwa. Sikuwaambia kweli. Mungu anisamehe.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Nilikuwa msikitini, safu ya pili, hotuba imefika pazuri, pampu ikalia. Mlio wake ni mkali, mara tatu, unapumzika, mara tatu tena. Imamu akanyamaza. "Ndugu zangu," akasema taratibu, "tumekumbushana mara ngapi kuhusu simu?"

Watu wakageuka. Nami, badala ya kutoka nje nikatafune tende yangu ya kupandisha sukari, niligeuka vilevile. Nilimtazama mzee aliyekaa kando yangu kwa macho ya lawama, mpaka yule maskini akaitoa simu yake kanzuni, akaikagua, akairudisha, akaitoa tena. Huku mkono wangu uko kiunoni unaifinya pampu ikome.

Niliporudi nyumbani nilitafuta ndani ya pampu mahali pa kengele, nikainyamazisha. Nikaacha itetemeke tu. Mtetemeko wenyewe ni kama nzi aliyenaswa ndani ya shati, na kwa mtu aliyelala fofofo ni sawa na hakuna. Siku chache baadaye mke wangu aliniuliza mbona kidude siku hizi hakilii. Nikamjibu, "Sukari imetulia." Akasema alhamdulillahi. Nami nikasema alhamdulillahi.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Vanga, kutibiwa macho katika hospitali ya huku kwetu. Tulimtandikia godoro sebuleni kwa sababu feni ya chumba cha watoto humkohoza. Lazima nieleze kwamba katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kuketi mkeka mmoja na mama mkwe. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Simwoni ila nimevaa shati, tena limefungwa vifungo vyote. Mazungumzo yetu yote yalikuwa, "Shikamoo mama," na, "Marahaba baba," nami natazama ukutani.

Jumamosi ile nililima. Tuna kishamba cha mihogo nyuma ya nyumba, ambacho kwa kawaida nakilima dakika ishirini kisha nakumbuka nina madaftari ya kusahihisha. Lakini dirisha la sebule linatazama kishambani, na nilitaka mama aone kwamba binti yake hakuolewa na kalamu tupu. Nikalima muda wa saa nne. Jua likanipiga, mgongo ukaniuma, nikaendelea. Baadaye mke wangu aliniambia mchana ule mama yake alikuwa ametiwa dawa ya macho na hakuwa akiona hata dirisha lenyewe.

Jioni akapika mama mwenyewe, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kwa heshima yake nilikula sahani tatu, chumbani kwangu, peke yangu. Nikabonyeza dawa ya chakula. Baada ya muda nikatazama kipimo, nikaona kumi na tano. Nikaudhika, nikaongeza dawa. Punde nikatazama tena, kumi na nne. Hii nini? Nikachukua karatasi ya mtihani, nikapiga hesabu upande wa nyuma, nikapigia mstari jibu, nikaongeza mara ya tatu. Nikalala nimeridhika kama mtu aliyemaliza kusahihisha daraja zima.

Yaliyofuata nayakumbuka nusu. Nusu nyingine nilisimuliwa na mke wangu, ambaye mpaka leo huyasimulia kila tukipata wageni.

Nilikuwa darasani. Taa zilikuwa zimezimika, jambo la kawaida, lakini safu ya mbele nilimwona mwanafunzi amelala, tena kajifunika leso gubigubi. Uvumilivu wangu ukaisha.

"Wewe! Simama!"

Mama mkwe akaamka. Mbele yake, kwa mbalamwezi ya dirishani, alimwona mkwewe amesimama na kikoi tu, kifua wazi, jasho likimtiririka kama aliyetoka kuoga, pampu inaning'inia magotini, na mkononi mwiko wa ugali.

"Kazi niliyowapa iko wapi?"

Mke wangu alitoka chumbani mbio. "Mama, nisamehe, hajui asemalo—"

"Nyamaza," mama akamwambia. "Washa taa, ulete maji ya sukari. Tia nyingi." Kisha akanigeukia, na sauti yake, wanavyosema, ilikuwa ya mtoto kabisa. "Nimekosa, mwalimu. Sikuifanya."

"Kwa nini?"

"Taa ilikwisha mafuta, mwalimu."

"Kila siku taa! Kila siku wewe!"

"Kweli, mwalimu. Basi keti uniandikie adhabu. Utaandikaje umesimama?"

Niliona ana hoja. Nikaketi, juu ya godoro lake. Mke wangu akaleta kikombe, mama akakipokea, akaniweka mkono kisogoni. "Kunywa kwanza, ndipo unichape."

"Ni marufuku kula darasani," nikasema.

"Si chakula. Ni dawa ya vumbi la chaki."

Nikanywa. Mke wangu aliuchomoa mpira wa pampu tumboni ili dawa isizidi kuingia, akanitoboa kidole akapima: mbili nukta moja. Nikapewa kikombe cha pili. Wakangoja robo saa, mama akiitikia kila nilichomuuliza kuhusu sehemu na desimali, wakapima tena, tatu nukta nne. Nikapewa cha tatu, na kipande cha mkate.

Akili hurudi polepole, kama maji ya bahari yaliyokupwa yanapojaa. Kwanza nikaiona saa ya ukutani. Nikaona pazia, nikalitambua kuwa letu. Nikasikia baridi kifuani, nikashangaa shati langu liko wapi. Halafu nikagundua kwamba kichwa changu kimeegemea bega la mtu, na bega lile lilikuwa linanukia asmini, na mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu analia na kucheka pamoja. Kwa hiyo bega halikuwa lake.

Sijapata kutamani kupoteza fahamu kama dakika ile nilipozipata.

Asubuhi baada ya swala nilitokea mlango wa nyuma, nikaenda kuchutama katikati ya mihogo, nikijifanya nakagua majani. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kooni. Nilipanga kukaa pale mpaka macho ya mama yapone arudi Vanga. Lakini nikasikia ndara zinakuja.

"Shikamoo mama," nikauambia muhogo.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kupokea adhabu yangu."

Nikataka ardhi inimeze. "Mama, naomba radhi. Nimekuvunjia heshima."

"Hukunivunjia. Nilikuwa na kaka yangu mwenye maradhi haya haya. Yeye yakimshika huamkia mbuzi. Shikamoo bwana, habari za safari, anamshika mkono." Akacheka, halafu akaiweka sawa leso yake. "Tulikuwa tukimcheka, kisha tunampa asali. Usiku mmoja hapakuwa na mtu wa kumcheka."

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu nilipomwoa binti yake. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili lilikuwa linanitazama sawasawa.

"Hicho kidude," akasema, "nimeambiwa hulia. Jana mbona hakikulia?"

Ningeweza kumwambia kimeharibika. Uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni, maana ninao mwingi. Lakini ni vigumu kumdanganya mtu aliyekunywesha maji. Nikamweleza yote, hotuba, imamu, na yule mzee na simu yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo uliona haya kulia msikitini. Na ungeingizwa humo umelazwa kwenye jeneza, hapo usingeona haya?"

Kisha akarudi ndani kunipikia uji.

Jumatatu nilikwenda Diani. Muuguzi akaitazama michoro ya usiku ule kwenye kompyuta yake, mstari unaoporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulipoongeza ile ya tatu, ndani ya mwili mlikuwa tayari na dawa kiasi gani?"

Nikapiga hesabu. Nikapiga tena. Nilikuwa nimejumlisha kila kitu na sikutoa hata kimoja, kosa ambalo naliwekea wino mwekundu kila siku.

"Ungempa mwanafunzi ngapi kwa kumi?" akauliza.

"Mbili," nikasema. "Kwa ajili ya mwandiko."

Tulipunguza dawa ya usiku. Akanionyesha upya namna ya kuipunguza zaidi siku za jembe, na safari hii niliandika. Akairudisha kengele kwenye sauti yake kubwa kuliko zote, akaiunganisha na simu ya mke wangu vilevile, akaniagiza niweke maji ya matunda karibu na mto. Ijumaa iliyofuata nilimwendea imamu kabla ya swala nikamweleza. Alicheka sana, akaniambia nikae karibu na mlango na nije na tende zangu. Yule mzee nilimwomba radhi nje, mbele ya viatu. "Mwanangu," akasema, "ile simu niliipeleka kwa fundi mara mbili."

Nisiseme kwamba sasa mambo ni shwari. Sukari bado hushuka, mara moja kwa wiki, pengine mbili. Kengele hulia, simu ya mke wangu huitikia, watoto huamka na kulalamika, na mara nyingine tunakuta hakuna lolote, ni mimi tu niliyeulalia mkono wenye kipimaji nikakipumbaza. Wiki jana nilikuta tatu nukta sita, nikanywa nikiwa nimeketi kitandani kama mtu mstaarabu, nikajua jina langu na la mke wangu, nikalala tena.

Mama alipona macho akarudi Vanga. Zamani simu zake zilikuwa za binti yake tu. Siku hizi, kukipambazuka, simu inayoita ni yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sukari imeamkaje?"

"Sita nukta mbili, mama."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Huuliza kila siku, nami kila siku humweleza.

"Ni nzuri, mama."

"Haya, alhamdulillahi. Sasa nipe binti yangu, nina maneno naye ya maana."